Magari ya Fritz Schlumpf: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, katika toleo lililopita mlimtaja kwa sentensi moja tu tajiri wa Ufaransa aliyeficha mamia ya magari ya kifahari ya zamani ndani ya kiwanda chake, hadi wafanyakazi walipoyafichua. Je, kisa hiki ni cha kweli? Na kama magari yalikuwa mali yake, kwa nini alinyang'anywa?

JIBU: Kisa ni cha kweli, ila matajiri walikuwa wawili. Hans na Fritz Schlumpf, ndugu wa tumbo moja wenye asili ya Uswisi, walimiliki viwanda vya kusokota nyuzi za sufu katika jimbo la Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Mwenye wazimu wa magari alikuwa Fritz, na wazimu wake mkubwa ulikuwa wa Bugatti, magari yaliyotengenezwa Molsheim, katika jimbo hilohilo la Alsace.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Fritz alianza kununua kwa pupa. Hakungoja minada, aliwaandikia barua wenye Bugatti walio mbali na karibu, akiwaomba wamuuzie. Mwaka 1963 alipata magari kadhaa kutoka kiwanda cha Bugatti chenyewe, na mwaka uliofuata akanunua kwa mkupuo mmoja Bugatti 30 za Mmarekani John Shakespeare, aliyekuwa akiishi katika jimbo la Illinois. Zilipakiwa kwenye mabehewa ya treni, kisha zikavushwa bahari hadi Ufaransa. Tukumbuke kwamba wakati huo watu wengi waliliona gari la miaka ya 1930 kuwa ni chombo kilichochakaa tu, kinacholiwa na kutu bandani, na kwa hiyo bei alizolipa Fritz zingemchekesha mnunuzi wa leo.

Magari yaliwekwa katika jengo la kiwanda cha zamani mjini Mulhouse, ambako mafundi wa injini, maseremala na washonaji wa viti walifanya kazi ya kuyarudishia sura yake ya awali, nao walikatazwa kusema nje walichokiona ndani. Fritz alikusudia kulifanya jengo hilo jumba la makumbusho kwa heshima ya mama yake, Jeanne. Alipanga safu kwa safu mamia ya nguzo za taa zilizoigwa kutoka daraja la Alexandre III la Paris, akatandaza vijia vya changarawe kati ya magari, akaandaa hata mahali pa wageni kulia chakula. Wageni hao hawakualikwa kamwe. Waliowahi kuingia ni wachache mno.

Wakati huo biashara ya sufu ilikuwa ikididimia. Ilipofika mwaka 1976 viwanda vilikuwa vimeelemewa na madeni, watu wakaanza kupunguzwa kazini, mgomo ukazuka, na ndugu hao wawili wakakimbilia Basel, ng'ambo ya mpaka wa Uswisi. Mwezi Machi mwaka 1977 wafanyakazi, wakiongozwa na chama chao, waliingia katika jengo la Mulhouse. Mtu aliyeambiwa kwamba hakuna fedha za kumlipa alijikuta amesimama mbele ya magari mamia kadhaa yaliyong'arishwa, chini ya taa za Paris. Gari moja dogo aina ya Austin lilichomwa moto kwa hasira. Mengine hawakuyagusa, waliyalinda, wakafungua milango, na kwa takriban miaka miwili umma ukaingia kuyatazama chini ya usimamizi wao. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye heshima kubwa zaidi katika kisa chote hiki, na mara nyingi hupitwa haraka kwa sababu wasimulizi wana hamu ya kurudi kwenye magari.

Sasa tulitazame neno ulilotumia, "kunyang'anywa". Kampuni, mbele ya sheria, ni mtu mwingine kabisa, hata kama hisa zake zote zi mfukoni mwa mtu mmoja. Fedha zake hudaiwa kwanza na wale inaowiwa, yaani wafanyakazi, wauzaji wa malighafi na serikali, kabla ya mwenye hisa kuchukua chake. Fritz alilaumiwa kwa kutotenganisha mfuko wa kiwanda na mfuko wa mapenzi yake, na viwanda vilipofilisika mkusanyo ukaingizwa katika mali za kulipia madeni. Mwaka 1978 serikali ya Ufaransa iliutambua kuwa urithi wa taifa, hivyo ukazuiwa kutawanywa nje ya nchi, na mwaka 1981 ukauzwa kwa faranga milioni 44 kwa umoja ulioujumuisha mji wa Mulhouse na mamlaka nyingine za eneo hilo. Familia ililalamika kwamba bei hiyo ilikuwa ya kutupa, na nadhani katika hilo haikukosea. Hata hivyo, magari hayo hayo yangeuzwa moja moja mnadani, leo yasingeonekana pamoja popote.

SWALI: Bugatti Royale ina nini hata itajwe kila panapozungumzwa mkusanyo huu?

JIBU: Ina ukubwa, na ina hasara. Ettore Bugatti alikusudia kuwauzia wafalme gari hilo lenye injini ya silinda 8 na ujazo wa karibu lita 12.7, yaani zaidi ya mara sita ya injini ya lita 2. Juu ya rejeta husimama tembo mdogo kwa miguu ya nyuma, mkonga ameuinua, kazi ya Rembrandt, mdogo wake Ettore aliyekuwa mchongaji. Lakini msukosuko wa uchumi uliikuta Royale ikiingia sokoni. Zikatengenezwa 6 tu, zikauzwa 3, na hakuna mfalme aliyenunua hata moja. Injini zilizobaki zilifungwa kwenye mabehewa ya reli, ambako, kwa kejeli fulani, zilifanya kazi vizuri sana.

SWALI: Rafiki yangu aliyefika Mulhouse anasema aliona Royale 3. Mimi nimesoma kwamba ziko 2. Nani mkweli?

JIBU: Nyote wawili. Jumba lipo katika jengo lilelile la kiwanda, lilifunguliwa rasmi mwaka 1982, na jina la Schlumpf bado limo katika jina lake. Royale halisi zilizomo ni 2: Coupé Napoléon, aliyoitumia Ettore mwenyewe, na ile yenye bodi iliyoundwa na Park Ward, kampuni ya Uingereza ya kutengeneza bodi za magari, iliyokuja na mzigo wa Shakespeare. Ya tatu imeundwa upya kwa kuiga gari la Armand Esders, mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa mteja wa kwanza wa Royale mwaka 1932. Rafiki yako ataitambua kwa urahisi akikumbuka sehemu ya mbele, kwa maana haina taa kubwa: Esders aliagiza zisiwekwe, kwa kuwa hakukusudia kuendesha usiku.