Bibi Aliuliza, "Ataka Nini?"

Hadithi yangu ya kwanza nilimsomea bibi barazani, Mji wa Kale wa Mombasa, naye akichagua mchele. Kijana avuka feri kutoka Likoni, ashuka upande wa kisiwani, apita Marikiti, akutana na binamuye, wanakula mahamri kwa mbaazi, arudi kwao. Kurasa nane. Ile sehemu ya mbaazi nilijivunia hasa.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, huyo kijana ataka nini?"

Sikuwa na jibu.

Shuleni nilikariri kwamba msuko ni mpangilio wa matukio. Maana hiyo ilinipa alama za mtihani, lakini katika kuandika haikunifaa kitu. Hata ratiba ya basi ina mpangilio. Kilichonifaa ni kipimo alichokiacha Aristotle, yule Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: ukiliondoa tukio na hadithi isitikisike, basi halikuwa kiungo chake. Nikamwondoa binamu. Hadithi ile ile. Nikaondoa Marikiti. Ile ile. Mbaazi nazo nikazifuta, kwa uchungu.

Ukikwama, anza na swali la bibi. Kijana wangu sasa ataka karo. Amechukua pete ya mamake bila ruhusa, ampelekea sonara akaiuze. Mgogoro umeshaingia hapo, na mhusika hahitaji kuelezwa kuwa ana hofu: mkono wake hautoki mfukoni.

Mandhari ndiyo iliyonishangaza. Mwanzoni feri ilikuwa pambo, upepo na kunguru basi. Safari hii nikampandisha shoga wa mamake, mwanamke mcheshi asiyeishiwa na maswali. Kwenye matatu kijana angeshuka kituo cha mbele. Feri ikishaondoka, hushuki mpaka ng'ambo. Kuvuka ni dakika chache tu, lakini mimi zilinipa kurasa tatu, maana msomaji ajua kilichomo mfukoni na yule mwanamke hajui. Taharuki ndiyo hiyo. Hapakuhitajika bastola wala jini.

Kuhusu nafsi ya msimulizi, nilijaribu "mimi" nikaacha; mwizi anayejisimulia huanza kujitetea mapema mno. Dhamira nayo usiitangulize. Niliwahi kuanza na "wizi ni mbaya" na kila mhusika akageuka mhubiri. Kilele kikanitesa wiki mbili, kwa kuwa nilitaka pete idondoke baharini yenyewe. Rahisi, lakini ni bahati mbaya tu, si uamuzi wa mtu. Mwishowe yule mwanamke alimwomba kijana amshikie kapu kwa mikono miwili, na kijana akalazimika kuchagua.

Nilimsomea bibi tena. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliacha mchele, akaniangalia: "Na mamake alijua?"

Sehemu hiyo nilikuwa sijaiandika.