Re: Begi limebaki njiani, usiku wa kwanza wa fungate umeshapotea

Dada, poleni. Ndege ya Muscat kuchelewa, begi kutofika Unguja, na sasa mumeo amenuna anataka mrudi? Msirudi.

Kama hamkujaza fomu ya mzigo uliopotea, rudini uwanjani leo hii. Kile kibandiko chenye namba walichowapa mkikabidhi begi kipigeni picha kabla hakijachanika. Kila mtakachonunua kwa dharura, chukueni risiti, hata ya mswaki. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, begi likifika kwa kuchelewa mna siku 21 tangu mlipokabidhiwa kulidai shirika fidia, na ni kwa maandishi. Maneno ya kaunta hayahesabiki.

Pia pigeni simu hotelini Paje sasa hivi, wasije wakaona hamjatokea wakakiuza chumba chenu.

Nguo? Sokoni Darajani, hapo mjini. Nunua doti ya kanga, yeye achukue kikoi na fulana. Ufukweni hamhitaji zaidi. Jioni pitieni Forodhani mle urojo, watu wakishiba hununa kwa shida.

Halafu mkifika Paje msishtuke. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, bahari inakimbia mbali mnabaki na mchanga na mashamba ya mwani. Ulizeni saa za maji kujaa ndipo mpange kuogelea. Mkitaka kuogelea muda wowote, malizieni siku za mwisho Nungwi.

Na suala la nani alichagua ndege ile, liacheni kwanza.