Mwanangu, uliniuliza kuhusu Barbara

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeurudia mara nyingi kabla ya kukaa kuujibu. Unasema umegundua huko Nairobi kwamba Barbara Gordon, yule mwanamke wa vitabu vya katuni niliyekuwa nikikusimulia ukiwa mdogo, aliondolewa kwenye kiti cha magurudumu mwaka 2011 akarudishwa kurukaruka juu ya mapaa. Kisha ukaniuliza maswali mawili: niliumia nilipojua? Na ningepewa nafasi kama hiyo, ningesimama?

La pili ni rahisi. Ningesimama. Leo hii, kabla chai haijachemka. Ningeshuka hadi ufukwe wa Dunga kwa miguu yangu, ningepanda matatu bila kubishana na makanga anayetaka kiti changu kilipiwe kama abiria, ningecheza kwenye harusi yako mpaka wapiga ngoma wachoke. Asikudanganye mtu kwamba sisi wa kiti tumezoea hadi hatutamani tena. Natamani sana.

La kwanza ndilo linalotaka barua.

Wewe ulikuwa mdogo mno usiku ule, na nyanya yako akaamua usielezwe. Sasa umekuwa mtu mzima, acha nikueleze. Palibishwa hodi. Nilidhani ni jirani anaomba kiberiti, maana alikuwa na desturi hiyo, nikafungua. Walitaka pesa na televisheni, wakavipata, na bado mmoja wao akafyatua risasi. Ilipita tumboni ikaenda kuharibu uti wa mgongo. Nilipopelekwa Nairobi kwenye hospitali ya majeruhi wa mgongo, kazi kubwa ya wauguzi ilikuwa kunigeuza kila baada ya saa mbili ili mwili usifanye vidonda vya kulalia. Nilikuwa nikigeuzwa huku nikitazama ukuta. Sikutaka Biblia, sikutaka redio, sikutaka wageni wa kuniambia Mungu ana mpango.

Mjomba wako ndiye aliyeniletea Barbara. Alikuwa akinunua vitabu vya katuni vya mitumba tangu sekondari, na huyu alikuwa akimjua. Alisita sana kabla ya kunikabidhi, kwa sababu ya yaliyompata mwanamke huyo. Hata yeye alifungua mlango.

Ilikuwa katika kitabu cha mwaka 1988 kilichoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Brian Bolland. Barbara yuko nyumbani na baba yake, kamishna wa polisi. Anafungua mlango akidhani ni rafiki yake, na Joker, adui mkubwa wa Batman, amesimama pale na bastola. Anampiga risasi, anamvua nguo, anampiga picha akiwa anavuja damu, kisha picha hizo anamwonyesha baba ili ampe wazimu. Tangu 1967 Barbara alikuwa mtu kamili: mkutubi mwenye shahada ya udaktari, akili inayokumbuka kila alichosoma, na usiku ndiye Batgirl, shujaa mwenye kinyago. Katika kitabu hiki anaangushwa mapema, na yanayobaki ni ya wanaume: baba atavunjika au hatavunjika, Batman atafanya nini. Yeye analala hospitalini.

Nilikasirika mpaka nikakitupa kitabu chini. Nilimjua mwanamke huyo aliyelala pembeni wakati wengine wakizungumza juu yake. Hata mimi walikuja polisi, wakaja wazee wa ukoo, na maswali yote aliulizwa baba yako.

Mjomba wako akakiokota, akaniambia kwa upole kwamba kuna waliokasirika kabla yangu. Mmoja wao ni Kim Yale, mwandishi, na mumewe John Ostrander, mwandishi pia. Hawakukubali kwamba maisha ya Barbara yameishia kwenye ule mlango. Mwaka 1989, katika mfululizo waliokuwa wakishughulikia, alitokea mtu asiyejulikana anayeitwa Oracle. Hakuonekana uso wala mwili, maneno yake tu kwenye kompyuta, akiwapa wengine habari ambazo hawangezipata kwingine. Wasomaji walikaa muda mrefu wakimtegemea kabla ya kujulishwa kwamba ni Barbara, na kwamba yuko kwenye kiti.

Hapo ndipo pa kunielewa, mwanangu. Walimpa kazi kwanza. Tulipokuja kumwona ameketi, tayari tulikuwa tunamhitaji.

Baadaye, mwaka 1996, Yale na Ostrander walirudi nyuma wakaeleza alivyofika pale. Hadithi ni fupi, na ndiyo niliyoisoma mpaka karatasi zikalegea. Barbara anaamka hospitalini na ana hasira, na hasira hiyo haifichwi. Anamkasirikia hata Batman. Haamki asubuhi moja akawa jasiri. Anarudi kwenye kompyuta kidogokidogo, anajifunza kujilinda kwa vijiti viwili akiwa kwenye kiti, mabega yake yanakuwa ya mtu anayebeba uzito wake mwenyewe. Kim Yale alifariki mwaka uliofuata kwa saratani ya matiti. Ningependa angejua kwamba kuna mwanamke Kisumu aliyejifunza kujiinua kwa mikono juu ya kiti, tena na tena kila saa ili ngozi ipumue, akimfikiria mtu aliyemwandika yeye.

Unakumbuka ile simu yangu ya kwanza, ya vibonye? Biashara ilianzia hapo. Wanawake wenzangu wa samaki walikuwa wakidamka usiku wa manane kwenda ziwani bila kujua watakuta nini. Mimi sikuweza kwenda, lakini niliweza kupiga simu. Nikawa nauliza Dunga, nauliza Usoma, nauliza mpaka Mbita ng'ambo ya ghuba: ngege wametoka? Mbuta kilo ni ngapi? Mwezi ukiwa mpevu, omena, wale dagaa wa ziwani, hawaji vizuri kwenye taa za wavuvi, basi nawaambia wasitoe nauli ya mbali. Aprili hadi Julai uvuvi wa omena unapofungwa, naanza mapema kuwatafutia aliye na waliokaushwa. Kuna wanunuzi wa Eldoret na Nakuru wamefanya kazi nami miaka bila kuniona. Mmoja alipofika nyumbani akanikuta kwenye kiti, alinyamaza kidogo, kisha akauliza bei ya mbuta. Nilimpenda mtu yule.

Kwa hiyo ukisema nilipata nguvu kwa Barbara, usidhani nilimwona shujaa nikatamani kuwa shujaa. Mapaa na vinyago vya usoni sina haja navyo. Nguvu ilitoka kwenye kuona mtu ambaye akizima simu, watu wazima wenye miguu wanapotea njia.

Sasa mwaka 2011. Kampuni ya DC, inayochapisha vitabu hivyo, ilianzisha upya hadithi zake zote, na Barbara akawa amepona. Wakasema alitibiwa kliniki Afrika Kusini, ukipenda kujua. Nilipopata habari nilikaa kimya siku nzima. Mashujaa wenzake hupona kila siku. Batman mwenyewe alivunjwa mgongo na adui yake Bane mwaka 1993, na haukupita muda mrefu akawa amesimama. Kwa miaka zaidi ya 20 Barbara alikuwa tofauti, alikuwa akikaa kama tunavyokaa sisi, na bado anafika kila mahali. Kumwinua kulinisikitisha kwa sababu moja: ilikuwa kana kwamba miaka ile yote ya kazi ilikuwa foleni tu, anasubiri kuitwa aingie kwa daktari. Maisha yangu si foleni. Wewe umelelewa ndani ya miaka hiyo. Karo yako imetoka humo.

Unaona basi kwamba majibu yangu mawili hayagombani. Mimi ningesimama kwa sababu miguu ni yangu na naitaka. Yeye nilitaka abaki, kwa sababu wanaosimama wako wengi vitabuni, na msichana aliyelala leo katika wodi fulani akitazama ukuta anahitaji kuletewa mtu.

Lakini sitamnyima haki aliyeandika kile cha 2011. Ni Gail Simone, yule yule aliyemwandika akiwa Oracle kwa miaka, na hakutaka kuyafuta yaliyompata. Mwanzoni kabisa Barbara anaelekezewa bunduki, inalenga pale pale risasi ilipoingia zamani, naye anaganda. Miguu mizima, mafunzo yote anayo, na hawezi kusogea. Ukurasa huo niliusoma kwenye simu ya mjomba wako, herufi ndogo, nikalia. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakidhani kilichonipata ni kiti. Kiti nakiweza. Kinachonisumbua ni hodi. Mpaka leo ikipigwa baada ya giza mikono inakufa ganzi, na ndiyo sababu nawaomba nyote mnipigie simu mkiwa getini. Ulikuwa ukidhani ni ukali wangu. Sivyo. Na nimeanza kwenda kuzungumza na mshauri nasaha pale kliniki, mwanamke mdogo kuliko wewe, anayejua kusikiliza. Nilimwonyesha ukurasa ule badala ya kujieleza. Alielewa.

Ukija Desemba, nitafutie kitabu hicho cha Simone cha karatasi, hata kiwe cha mtumba, kama bado kuna wauzaji pale ulipokuwa ukinunua vitabu vyako vya chuo. Namtaka hata akiwa amesimama. Na mchumba wako mwambie apige simu kwanza.

Mama yako anayekupenda