Maswali na Majibu: Kumtunuku Mkongwe wa Michezo Tanga

Mhariri, salaam. Sisi ni maveterani wa Ngamiani. Tumeunda kamati ya watu saba ili kila mwaka tutoe tuzo ya heshima ya maisha kwa wanamichezo wakongwe wa Tanga. Tumetangaza tu, majina yamemiminika, na kila jina lina watu wanaoapa kwamba hakuna aliyewahi kumfikia mtu wao. Tuanzie wapi? – Katibu, Ngamiani

Ndugu Katibu, kila aliyependekezwa mfungulieni jalada. "Alikuwa hakabiki" isihesabike ndani ya jalada hilo. Mnachotaka ni mchezo, timu au shule, miaka, mashindano, matokeo, na ushahidi wa kila kimoja. Ushahidi wenye nguvu ni ule ulioandikwa siku zile zile: ukurasa wa gazeti, barua ya kuitwa kambini, kadi ya usajili, medali yenye maandishi, picha yenye tarehe nyuma. Pasipo na karatasi, chukueni maelezo ya mashahidi wawili, na mmoja wao awe alicheza timu pinzani. Wahojini kila mmoja peke yake. Wakikalishwa baraza moja, wa pili atamuunga mkono wa kwanza kwa adabu tu, na hapo mtakuwa na shahidi mmoja mwenye sauti mbili.

Mzee akiwaambia aliifunga Simba mwaka 1968, msimwite mwongo. Wakati ule klabu hiyo ikiitwa Sunderland. Jina la Simba lilikuja 1971, naye anatumia jina analolisikia redioni leo. Chalenji, mashindano ya soka ya timu za taifa za ukanda wetu, nayo iko hivyo hivyo: ilianza 1926 ikiitwa Kombe la Gossage, ikawa Chalenji ya Afrika Mashariki mwaka 1967, na tangu 1973 iko chini ya CECAFA, baraza la vyama vya soka vya Afrika Mashariki na Kati. Ligi ya taifa ilianza 1965, kwa hiyo ubingwa wa "ligi ya taifa" wa mwaka 1961 haukuwapo. Muulizeni tena kwa upole, huenda ni kombe la mkoa au la shule. Yakiwa ya Coastal Union na ubingwa wa Bara wa 1988, mwaka hauna utata. Utata huja kwenye majina. Tenganisheni waliosajiliwa na waliocheza, na msisahau kipa wa akiba, kocha na mtunza vifaa.

Kwenye riadha ndiko kamati nyingi huumbuka. Miaka ya 1960 shule zilikimbia yadi. Michezo ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilihamia mita mwaka 1970, kule Edinburgh. Yadi 100 ni mita 91.44, basi aliyekimbia sekunde 9.9 za yadi alipofika kwenye utepe alikuwa bado ana zaidi ya mita nane kumaliza mita 100. Tena muda ule ulipimwa kwa saa ya mkono. Mpimaji huona moshi wa bastola, kisha ndipo kidole kibonye, na ucheleweshaji huo humpunguzia mkimbiaji muda. Kwa mita 100 kanuni ya kulinganisha na saa ya umeme ni kuongeza sekunde 0.24. Msibadilishe chochote kwenye cheti. Andikeni "yadi 100, saa ya mkono" na heshima yake itabaki kamili. Hata rekodi ya dunia ya mita 1500 aliyoweka Filbert Bayi mjini Christchurch, Februari 2, 1974, mtaiona sehemu moja ni 3:32.2 na nyingine 3:32.16. Mbio ni zile zile, tofauti ni namna ya kusoma saa.

Kuhusu vigezo, ushauri wetu ni alama 40 kwa matokeo, 30 kwa miaka ya utumishi, na 30 kwa alichoacha: vijana aliowafundisha, waamuzi aliowalea, timu ya netiboli aliyoianzisha na bado ipo. Medali pekee ni kipimo finyu. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 akiwa wa 57 kati ya 57 waliofika mwisho, akiwa ameumia goti, na hakuna anayehoji kwa nini anaheshimiwa.

Pigeni kura ya siri, na kila jina lijitegemee kwa ndiyo au hapana. Ukumbi wa heshima wa besiboli Marekani hudai mchezaji awe amestaafu miaka mitano, kisha apate kura asilimia 75. Hata Babe Ruth, nyota mkubwa wa mchezo huo, mwaka 1936 alipata asilimia 95.1, kwa hiyo msingoje wote mkubaliane. Kwenu asilimia 75 ya watu saba ni kura sita. Mjumbe mwenye undugu na anayejadiliwa atoke nje. Mkibaki sita, kura tano zinatosha. Mwaka wa kwanza msizidishe washindi watatu, hata kama waliostahili ni kumi. Saba waliobaki majalada yao tayari yamekamilika, na mwakani kazi itakuwa nyepesi.

Tuzo tulizotoa mwaka juzi zimebanduka rangi, nyingine maandishi yamefutika kabisa. Wazee wanaona kama tumewadhihaki. Tununue za aina gani? – Mweka hazina, Raskazone

Vikombe vinavyong'aa sana kwa kawaida ni plastiki au chuma chepesi kilichopakwa rangi ya dhahabu, na upepo wa bahari wenye chumvi hupenya kwenye kila mchubuko. Maandishi yaliyofutika yalikuwa stika. Agizeni kibao cha mninga au mvule chenye upana wa sentimita 20 na urefu wa 25, na juu yake bamba la shaba ya manjano lenye unene wa milimita 1.5, maandishi yachongwe. Ulizeni kama mbao imekauka. Mbichi itapinda baada ya miezi michache na kulinyanyua bamba. Skrubu ziwe za shaba au chuma cha pua. Misumari ya kawaida itatoa kutu na kuacha michirizi myekundu chini ya jina la mzee. Bamba lipakwe vanishi isiyo na rangi, na mwambieni mwenye tuzo aifute kwa kitambaa kikavu tu, maana dawa ya kung'arishia shaba huondoa vanishi hiyo.

Pimeni uzito kabla ya kulipa. Ukizidi kilo moja na nusu, mzee mwenye bakora hataweza kuishika kwa mkono mmoja mbele ya wapiga picha, na mtu atalazimika kumshikia. Hilo linaonekana dogo mpaka siku yenyewe.

Herufi za jina ziwe na kimo kisichopungua milimita 8, nyingine milimita 5, maneno yasizidi 25. Jina lichukuliwe kwenye kitambulisho, si kwenye kumbukumbu ya mjumbe, kwa kuwa Salim na Salum ni watu wawili tofauti. Kama anajulikana zaidi kwa jina la utani, wekeni yote mawili, kwa idhini yake. Fundi atoe kwanza nakala ya karatasi, mzee au mwanawe aisome na kuitia saini, ndipo achonge. Agizeni wiki tatu kabla ya hafla, ili likitokea kosa bamba lirudiwe.

Je, tukimpa mzee tuzo uwanja wa Mkwakwani wakati wa mapumziko ya mechi ya ligi, watu wote si watamwona? – Shabiki, Makorora

Hapana. Mapumziko ni dakika 15, na ukitoa muda wa timu kutoka na kurudi, zinabaki kama nane. Nusu ya jukwaa imeshuka kutafuta maji, wengine wanabishana penalti. Ombeni muda kabla ya timu kuanza kupasha misuli, na ruhusa iombwe mapema kwa waandaaji wa mechi, kwani siku yenyewe kamishna hawezi kuvuruga ratiba. Wekeni kiti kivulini pembeni mwa uwanja, tuzo ipelekwe hapo alipo. Wasifu wake usomwe wote kwa maneno 150, usiachwe kwa mshereheshaji abuni.

Baba yetu aliyekuwa mwanandondi alifariki kabla ya kupewa tuzo yake. Kamati inataka kuitoa pamoja na fedha. Ana wake wawili na watoto kila nyumba. Nani apokee? – Binti wa marehemu, Chumbageni

Pole sana, dada. Waombeni kamati waiandikie familia nzima, si mtu mmoja, kisha nyumba zote mbili zikae na kuteua mpokeaji kwa barua moja yenye saini za pande zote. Kibao ni kimoja, lakini vyeti viwe viwili vyenye saini halisi, kila nyumba ipate chake. Kutoa nakala ya kudurufu kwa nyumba ya pili ni kuanzisha ugomvi ambao haukuwapo.

Fedha ndizo ngumu zaidi. Zikitangazwa kwa jina la marehemu, kuna atakayesema ni mirathi na zigawanywe kwa mafungu yake. Zikitajwa kuwa ni mkono wa pole kwa wajane, hesabu ni nyingine. Kamati ichague moja na kuiandika kabla ya hafla. Sisi tungependelea wajane wapewe kila mmoja chake, kiasi sawa, kupitia simu au benki, siku moja kabla. Kile kibao kikubwa cha hundi ya maonyesho mkikatae, kwa sababu jamaa watasoma tarakimu na kuanza kudai siku hiyo hiyo, hata kama fedha haijaingia.

Kwa kamati zote zinazosoma hapa: walio hai wenye miaka 75 na zaidi majalada yao yasomwe kwanza, kabla ya mengine yote.