Serikali kufunga mitandao kwa ajili ya usalama: dini inasemaje?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nauza vitenge Kampala, na wateja wangu wengi nilikuwa nawapata Facebook. Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, serikali iliifunga. Nilipolalamika, ndugu mmoja msikitini aliniambia kumtii kiongozi ni wajibu na usalama wa nchi kwanza. Je, natenda dhambi nikiingia kwa VPN, ile programu ya kupita kwenye mitandao iliyofungwa?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Ndugu yako ana sehemu ya haki. An-Nisaa aya ya 83 inawakemea wanaopata habari ya amani au ya hofu wakaitangaza papo hapo, bila kuirejesha kwa Mtume na wenye madaraka. Ukiwapiga picha askari wanaokwenda vitani ukairusha kwenye kundi la WhatsApp, umekosa, hata kama habari ni ya kweli.

Lakini tazama Mtume (s.a.w.) alivyoilinda siri. Kabla ya kufunguliwa Makka, sahaba Hatib bin Abi Balta'a aliwaandikia Maquraishi wa Makka kuwatahadharisha kwamba Mtume anawajia. Mtume akawatuma Ali, Zubayr na Miqdad hadi mahali paitwapo Rawdhat Khakh, waichukue barua hiyo. Mwanamke aliyebeba barua akakana. Walipombana akaichomoa kwenye misuko ya nywele zake. Kisha Hatib akaitwa, akaulizwa: "Ewe Hatib, ni nini hiki?" Umar alitaka kumkata shingo. Mtume akausikiliza udhuru wake, akamwacha. Madhara yalijulikana, mwenye kosa alijulikana, na alisikilizwa.

Pima sasa yaliyowafika. Tarehe 11 Januari Facebook ilitangaza kuondoa akaunti bandia ilizozihusisha na wizara ya habari na mawasiliano. Kesho yake mitandao ikafungwa, na Rais Museveni akasema hawatavumilia mgeni awaamulie nani mwema na nani mbaya. Neno hilo lina uzito, kwani kampuni ya ng'ambo haikuchaguliwa na raia yeyote. Ila akaunti bandia ya kumsifu mtawala ni ushahidi wa uongo, nao ni katika madhambi makubwa. Na wewe, muuza vitenge, umeingiaje? Mwenyezi Mungu anasema mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine.

Kumtii kiongozi ni wajibu katika mema. Kumfungia riziki asiye na kosa siyahesabu katika mema, kwa hiyo sioni dhambi kwako kuuza bidhaa ya halali kwa njia hiyo, maadamu husambazi uongo wala siri za ulinzi. Mahakama ya nchi itahukumu vipi ni jambo jingine. Muulize wakili wa huko kabla hujaweka duka lako lote humo.

Wallahu a'lam.