Kabla mama hajarudia CT scan, ombeni picha za awali

Ndugu, umeuliza kama mama yako arudie CT scan ya tumbo (kipimo cha mionzi kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa vipande) aliyopigwa wiki mbili zilizopita, kwa kuwa hospitali ya rufaa imepokea ripoti bila picha. Ombeni kwanza picha zenyewe kwenye CD, katika DICOM, yaani mfumo wa faili wa picha za hospitali, kwani filamu iliyopigwa picha kwa simu dirishani (nami niliwahi kufanya hivyo) haimwezeshi daktari kupitia vipande vyote kimoja kimoja. CT scan ya tumbo hutoa mionzi ya takriban milisivati (kizio cha mionzi inayoingia mwilini) 8, ilhali eksirei ya kifua hutoa 0.1 hivi. Daktari akiona kuna sababu ya kitabibu ya kurudia, mama asikatae. Ila aeleze hali ya figo zake kabla ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha.