ISSN inayoishia na X

SWALI: Shikamoo mkutubi. Nimepewa kazi ya kuingiza majarida kwenye kompyuta ya maktaba ya chuo chetu. Jarida liitwalo Kiswahili, la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), limeandikwa ISSN 0856-048X, lakini programu yetu inagoma kupokea herufi. Nimeweka 0 mahali pa X, na nimefanya hivyo kwa majarida mengine pia. Au ni kosa la mchapaji?

JIBU: Marahaba. Mchapaji hana kosa, na hiyo sufuri iondoe leo leo.

ISSN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha majarida, ina nafasi nane. Ya mwisho ni ya kuhakiki zile saba za mbele. Chukua kalamu: zidisha 0 kwa 8, 8 kwa 7, 5 kwa 6, 6 kwa 5, 0 kwa 4, 4 kwa 3, na 8 kwa 2. Jumla yake ni 144. Gawanya kwa 11, inabaki 1. Toa hiyo 1 kwenye 11, unapata 10. (Baki likiwa 0, tarakimu ya mwisho huwa 0 bila kutoa chochote.) Sasa kumi ina tarakimu mbili na nafasi ni moja, ndiyo maana huandikwa X, kumi ya Kirumi.

Usumbufu wote huu ni kwa ajili ya vidole vyetu. Ukipitiwa ukaandika 0865 badala ya 0856, jumla inakuwa 145, na mwisho ungepaswa kuwa 9. Kompyuta inakukamata papo hapo. Jipime na jarida la Mulika, 0856-0129. Ukipata 9 umeelewa.

Tatizo liko kwenye programu. Aliyeitengeneza alidhani ISSN ni namba ya kujumlisha, akaifunga ipokee tarakimu tu. Mwambie fundi abadilishe sehemu hiyo iwe ya maandishi, maana ikibaki ya hesabu itakula hata sufuri ya mwanzo, 0856 iwe 856. Nimeliona hilo kwenye orodha nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kwa ulizokwisha kuingiza, tafuta zote zinazoishia na 0. Usizigeuze kwa mkupuo kuwa X, kwani zipo zinazoishia na 0 kihalali. Piga hesabu ya kila moja, kisha linganisha na jalada la nakala ya karatasi. Toleo la mtandaoni huwa na ISSN yake nyingine, usije ukazichanganya.